Mpambe wa Hiske

Wytsum, 6 Septemba 1998

Dada yangu Hiske,

Natumai unasoma barua hii ukiwa mzima na umelala vya kutosha, maana sauti yako kwenye simu Jumapili iliyopita ilikuwa ya mtu anayesinzia mezani. Sisi huku hatujambo. Mama amemaliza kuhifadhi maharage, na chupa zimejaa mpaka kwenye ngazi ya ghala, hata Baba hupita ubavu ubavu. Mgongo wake umepata nafuu kidogo, ila akiinama kukamua husema maneno ambayo mchungaji asingependa kuyasikia. Yule ng'ombe mweupe amezaa mapacha. Mimi nimeingia kidato cha tano. Mwalimu Dijkhuis alisoma insha yangu mbele ya darasa akasema mwandishi wake anajua mahali pa kuweka nukta. Nilifurahi kimoyomoyo, ingawa wenzangu walinitania njia nzima ya kurudi kwa baiskeli.

Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu simu yetu iko ukumbini na Baba husikia kila kitu, hata akijifanya anasoma gazeti.

Jambo lenyewe ni hili. Ulisema wewe na Mechtild mnakwenda kwa Bi. Van Ommeren kila Jumatano. Nikakuuliza ni nani, ukasema ni mpatanishi wa chuo, na kwamba watu wa chuo wakikosana huenda kwake kuzungumza kwa siri. Nikauliza mnazungumza nini. Ukasema, "Mambo tu." Kisha ukaniuliza habari za paka. Hiske, paka alikufa mwezi wa Machi, na wewe ulilia.

Najua kwamba wewe na Mechtild mnatumia ofisi moja, kwamba mmepima mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, pamoja katika mifereji kwa miaka miwili, na kwamba tangu masika mlikuwa hamsalimiani. Hayo uliniambia mwenyewe. Kwa nini yaliyobaki huniambii?

La pili ni gauni. Mama ameanza kunishonea gauni jeusi la tarehe 11 Desemba, siku utakayotetea tasnifu yako mbele ya maprofesa. Nilipokuwa na miaka kumi na miwili uliniahidi kuwa siku hiyo nitasimama karibu nawe kama mpambe wako. Wapambe ni wawili. Nafasi ya kwanza ni ya mchumba wako Wobbe, na hapo sigombani. Ya pili ni yangu. Nimeshajizoeza kusimama robo tatu ya saa bila kujikuna. Mama anauliza, mikono ya gauni iwe mirefu au mifupi?

Mdogo wako akupendaye,
Jildou


24 Septemba 1998

Mdogo wangu Jildou,

Nisamehe kwa kukawia. Barua yako imekaa juu ya meza yangu ikinitazama kila asubuhi. Mwambie Baba aende kwa daktari, na asiseme "wiki ijayo" kama alivyosema mwaka mzima. Wobbe hajambo, amenunua baiskeli mbovu na anasema ataitengeneza. Hongera kwa insha. Waliokutania hawajui nukta inakokaa.

Kuhusu paka, nisamehe pia.

Sasa sikiliza, nikueleze ninachoruhusiwa kueleza. Chumba cha Bi. Van Ommeren kiko nyuma ya maktaba, ili mtu akionekana huko aweze kusema anatafuta kitabu. Mlango una namba tu, hauna jina. Ndani kuna meza ya duara na viti vinavyofanana, asiwepo anayekaa juu ya mwenzake. Yeye hahukumu, wala hamripoti mtu kwa profesa. Anasikiliza, anauliza, halafu anasubiri, na kusubiri kwake ndiko kunakomfanya mtu aseme. Siku ya kwanza sote wawili tuliahidi kwamba yanayosemwa mle hayatoki. Hayatoki kwa profesa, wala kwa Wobbe, wala kwa Mama.

Najua utauliza, "Hata kwangu?" Hata kwako, Jildou.

Nakuambia hili moja tu, kwa kuwa ofisi nzima inalijua. Sura ya nne ya tasnifu yangu inatokana na vipimo tulivyochukua pamoja, mimi na Mechtild. Bila ridhaa yake haiwezi kuchapishwa, na bila sura hiyo hakuna tarehe 11 Desemba. Ndiyo maana nakwenda kila Jumatano, hata mvua ikinyesha, hata nikiwa sitaki.

Wasalimie wote. Mpige busu ndama mmoja kwa ajili yangu, yule mdogo.

Dada yako,
Hiske


Wytsum, 27 Septemba 1998

Dada Hiske,

Nimepata barua yako na nimeisoma mara nyingi kuliko ilivyostahili. Baba amekwenda kwa daktari. Ameambiwa asiinue kitu kizito, akarudi nyumbani akainua gunia la chakula cha ndama ili kuona kama daktari anasema kweli. Daktari alisema kweli. Yuko kitandani, na sasa nakamua mimi asubuhi kabla ya shule.

Nitasema wazi, kwa kuwa Mwalimu Dijkhuis hutufundisha kuwa mtu anayezunguka jambo huchosha msomaji wake. Naona wivu.

Wewe ulikuwa unaniambia yote. Ulinieleza jinsi miguu ya Wobbe inavyonuka akivua buti za mpira. Ulinieleza siku profesa alipokufanya ulie, ukaniambia mimi kabla ya Mama. Mimi sikumwambia mtu. Sasa kuna mama mmoja nyuma ya maktaba, ambaye hujui hata siku yake ya kuzaliwa, naye anapewa yote kila Jumatano. Na Mechtild, aliyekubamizia mlango, anakaa katika kiti kinachofanana na chako na kusikia unachokisema. Mimi nakaa kwenye kiti cha kukamulia.

Nikikamua huwaza kile chumba. Nimekijaza vitu ambavyo hukuvitaja. Nimeweka pazia la rangi ya maziwa na birika la chai, na wewe unacheka kidogo, kile kicheko chako cha puani. Sikipendi chumba hicho. Nadhani nakichukia.

Na umesahau kujibu kuhusu mikono ya gauni. Mama ameliacha likining'inia kwenye mlango wa kabati, halina mikono.

Jildou


14 Oktoba 1998

Mpenzi Jildou,

Baba anaendeleaje? Nimeongea na Mama, anasema Baba anakaa kitandani akitoa amri kama nahodha, na kwamba wewe unakamua vizuri kuliko alivyokuwa akikamua yeye. Hilo la mwisho alilisema kwa kunong'ona, ila nadhani Baba alisikia. Sisi huku tumepata baridi ya kwanza. Ile baiskeli ya Wobbe imevunjika vipande viwili akiwa juu yake. Hakuumia, ila heshima yake imeumia.

Nina habari njema. Tumepatana. Mechtild ameridhia sura ya nne. Haikuwa rahisi, na namna tulivyofika hapo siwezi kukueleza. Najua unakunja uso unaposoma mstari huu. Kunja tu.

Kuna habari ya pili, na nimeianza mara tatu. Nimemwomba Mechtild awe mpambe wangu pamoja na Wobbe. Amekubali.

Sijaisahau ahadi, Jildou. Nakumbuka hata mahali tulipokaa. Lakini kuna sababu, na sababu hiyo iko ndani ya kile chumba. Siku moja ningependa kukuambia, lakini sababu si yangu peke yangu. Nakuomba uniamini.

Tarehe 24 nitakuja kwa siku ya kuzaliwa ya Mama, nami nitakuja na Mechtild. Nataka mfahamiane. Ana maneno machache mwanzoni, ila akikuzoea huchekesha.

Nakukumbatia,
Hiske


Wytsum, 18 Oktoba 1998

Hiske,

Salamu. Baba ameanza kutembea. Ndama hawajambo.

Barua yako imefika. Mama anauliza kama mgeni anakula soseji ya nguruwe, na kama atalala chumbani kwangu au sebuleni. Mimi nimesema sebuleni.

Gauni nimelikunja.

Jildou


27 Oktoba 1998

Jildou,

Sitaanza na salamu nyingi leo. Mwambie Mama tulifika salama na mkate tuliupenda.

Mechtild alitazama nje ya dirisha la treni mpaka Zwolle. Pale, wakati wa kubadilisha treni, aliniuliza swali moja tu, "Kumbe ulimwambia?" Nikasema sikukuambia kitu. Akasema, "Basi alijuaje?" Ningesema nini? Ulisema mbele ya ukoo mzima maneno ya Jumatano, kama mtu aliyekuwa amekaa chini ya meza.

Jana ameondoa ridhaa yake. Hakufoka wala hakubamiza mlango. Aliweka karatasi mbili juu ya meza yangu na kusema, "Nilikuamini, basi." Bi. Van Ommeren hawezi kumlazimisha, wala hatajaribu. Mchapaji anataka kitabu kizima kabla ya tarehe 13 Novemba. Kikikosa sura ya nne, siku yangu inafutwa na nitasubiri mpaka maprofesa wote sita wapate nafasi tena, labda mwakani, labda zaidi. Mkataba wangu unakwisha Desemba.

Nataka kujua kitu kimoja. Nani alikuambia? Wobbe hajui. Profesa hajui. Kama ulisoma karatasi kwenye mkoba wangu nilipokuwa bafuni, sema.

Hiske


Wytsum, 29 Oktoba 1998

Dada yangu Hiske,

Wote wazima hapa. Mama alinitazama jana akasema, "Wewe mtoto, ulimfanya nini yule msichana?" Nikamwambia nilikuwa natania. Akasema, "Utani hauwezi kumtoa mtu rangi namna ile."

Sikusoma karatasi yoyote. Hakuna aliyeniambia. Nitakueleza ilivyokuwa, kwa sababu ulikuwa jikoni ukimimina kahawa na hukuona yote.

Viti vilikuwa vimepangwa duara kama kila mwaka. Mliingia, na watu wakaanza kupeana mikono na kupongezana wote kwa siku ya Mama, kama desturi yetu. "Hongera ya mama yako!" "Hongera ya dada yako!" "Hongera ya jirani yako!" Shangazi Sjoukje alipofika kwa Mechtild hakujua ampe hongera ya nani, akasema, "Hongera ya... ya mama wa mwenzako, basi! Mrefu hivi, mwanangu! Mifereji yenu huko kusini ina kina gani?" Mechtild akasema, "Kina kifupi, Shangazi, ndiyo maana nikaja kutafuta mingine." Watu wote wakacheka. Hata Baba akacheka, akiwa amejishika mgongo. Alimwita "Shangazi" mara ya kwanza tu, Hiske, na Sjoukje akapasuka kwa furaha. Sisi tulichukua miaka mingapi kumzoea Sjoukje?

Halafu Mama akasema, "Jildou, simama, mpishe mgeni kiti." Kiti changu kile cha dirishani. Nikakaa juu ya stuli ya piano. Kisha mkate wa sukari ukakatwa. Unajua kile kipande cha mwisho, kile chenye sukari iliyoungua chini, tangu nikiwa mdogo ni changu. Mama akamwekea yeye. Akasema, "Chukua, binti, umekonda mno kwa hao mikunga wenu." Mechtild akakitazama, akala polepole, na macho yake yakajaa maji. Niliona. Mimi nikafikiri, hata kulia analia kwa kipande changu.

Mjomba Gosse akamuuliza, "Na kazi yako ni nini hasa, dada?" Akajibu, "Nahesabu mikunga pamoja na Hiske." Ndipo nikasema. Nilisema kwa sauti ya kutosha, "Yeye anahesabu, Hiske anaandika, halafu yeye anasema yote ni yake. Si hayo mlikuwa mkigombania kwa yule mama kila Jumatano?"

Nilibahatisha, Hiske. Nilitafuta neno litakaloumiza, na hilo ndilo lililokuwa karibu. Sikujua kama ni kweli. Hata sasa sijui kama ni kweli, ama ni uongo ulio karibu na kweli, na sitakuuliza. Nilitaka tu watu waache kucheka naye kwa upendo. Kisha nikasikia kijiko cha mtu kikianguka kwenye sahani, na Sjoukje akasema haraka, "Kahawa zaidi, nani? Jamani, kahawa!" Nawe ukaingia na birika.

Nitamwambia mwenyewe kwamba nilibahatisha. Naweza kuja Jumatano. Mama atanipa ruhusa nikimwambia ni kwa sababu gani. Nitamwambia Mechtild mbele ya mtu yeyote anayemtaka.

Jildou


31 Oktoba 1998

Jildou,

Nakuamini. Nilipaswa kujua, maana tangu utotoni ukikasirika hupiga penye kidonda bila hata kutazama.

Lakini usije. Usimpigie simu, wala usimwandikie. Ukimwambia ulibahatisha, atadhani nimekutuma useme hivyo. Kila neno litakalotoka kwetu sasa litakuwa na harufu yangu. Acha. Nitatafuta njia nyingine, na kama haipo, haipo.

Mfunike Baba vizuri usiku. Mama anasema anavua blanketi.

Hiske


12 Novemba 1998

Jildou,

Salamu kwa wote, na samahani kwa mwandiko, naandika nikiwa nimesimama.

Jana saa kumi jioni Mechtild aliingia ofisini, akaketi, akaweka zile karatasi mbili mbele yangu. Zimetiwa sahihi tena. Akasema, "Peleka kitabu chako kwa mchapaji kabla sijasikia njaa." Nikamuuliza kumetokea nini. Akasema, "Mdogo wako alikuwa hapa."

Hapa! Ulikuja kwa treni mpaka huku, ukakaa nyuma ya maktaba kwa muda wa karibu saa mbili, nami nikiwa jengo la pili, nakula mkate mkavu na kujionea huruma, na hukuja hata kugonga dirisha? Nilikukataza usije, ndiyo. Lakini ukishakuja, unarudi bila kuniona?

Kitabu kiko kwa mchapaji tangu asubuhi hii. Nimelia kidogo pale, yule mzee wa mashine akanipa kitambaa chenye wino, na sasa nina shavu jeusi.

Lakini sikiliza. Nimemuuliza Mechtild mlisema nini. Akasema, "Yaliyosemwa mle hayatoki." Nikamwambia, "Ni mdogo wangu!" Akacheka. Alicheka kwa namna ambayo sijawahi kumsikia akicheka, kama mtu anayekumbuka kitu. Jana usiku nilimpigia simu, nikamkuta jikoni kwake anaimba. Wobbe anasema niache. Siwezi kuacha. Nimelala vibaya. Mlisema nini? Mlinisema mimi? Ulimwambia nini mpaka akatia sahihi, wakati mimi nimemwomba wiki mbili akakataa? Na nini kilichomchekesha?

Na jambo moja zaidi. Amesema kama nataka kukurudishia nafasi ya mpambe, yeye atasogea bila kinyongo, na atakaa nyuma pamoja na watu wengine. Nimesema nitakuuliza wewe. Basi nakuuliza. Ukisema ndiyo, mwambie Mama alitoe gauni.

Nijibu upesi, na ujibu yote.

Dada yako,
Hiske


Wytsum, 15 Novemba 1998

Dada yangu mpendwa Hiske,

Barua yako imetukuta wazima. Baba amekubali kijana wa jirani aje kukamua mpaka Krismasi, na anasimama mlangoni kumwonyesha makosa. Mama anasema wino wa shavuni utatoka kwa maziwa ya moto, usitumie sabuni ya vyombo. Nimepata alama nzuri ya historia na mbaya ya hesabu, kwa hiyo tuko sawa.

Hongera kwa kitabu. Nilipofika kwenye mstari ule wa mchapaji nilipiga kelele, ndama wakaruka.

Nitakueleza yaliyotokea nje ya mlango, maana hayo si siri. Nilikutii nusu. Sikumpigia Mechtild, nilimpigia Bi. Van Ommeren kwa simu ya shule, Mwalimu Dijkhuis akilinda mlango. Nikamtajia majina yenu na kumwambia nimeharibu jambo. Akasema, "Siwezi kukuambia kama nawajua watu hao au siwajui." Nikadhani ananifukuza. Kisha akasema, "Lakini mtu yeyote wa chuo anaweza kuja kwangu pamoja na mtu amtakaye. Ni juu yake, si juu yangu." Basi nikamwandikia Mechtild mistari minne, nikasema sikutumwa, na kwamba hutajua nimekuja. Ndiyo sababu sikugonga dirisha lako. Ningegonga, ningekuwa nimekuja kwa niaba yako, na kila neno lingekuwa na harufu yako. Ulisema hivyo mwenyewe. Nilipita chini ya dirisha nikaona taa yako, nikatembea haraka.

Alinijibu kwa kadi yenye picha ya mkunga, neno moja, "Jumatano."

Pazia si la rangi ya maziwa. Halipo kabisa. Birika lipo.

Niliyoyasema mle na niliyoyasikia, sitakuambia. Najua unakunja uso. Mwishoni Bi. Van Ommeren alituuliza kuna nini kinachoweza kutoka, na sisi wawili tulikubaliana juu ya sentensi moja kwa ajili yako. Hii hapa: Mechtild anaamini kwamba hukuniambia kitu. Hiyo tu. Kicheko hakimo katika sentensi, kwa hiyo nacho kinabaki kule.

Hiske, ni kitu cha ajabu. Sasa nina kitu ambacho huna, na wewe unakitaka. Nilipokuwa nasoma barua yako nilijisikia vizuri sana, kwa muda mfupi, na baadaye si vizuri sana. Nilitambua maneno yako yote. Mlisema nini, mlinisema mimi, nini kilichomchekesha. Hayo ni maswali yangu ya Septemba, umeyaazima tu.

Sasa kuhusu nafasi. Naitaka. Nataka ujue hivyo, nisije nikaonekana msichana mwema kuliko nilivyo. Nilipofika kwenye swali lako nililitoa gauni, nikalivaa, nikasimama mbele ya kioo cha Mama, na lilinikaa vizuri hata bila mikono. Kisha nikamwaza Mechtild amesimama mahali pangu, mrefu, mikono nyuma, na kile kilichonishika juu ya stuli ya piano kikanirudia. Hakijapungua. Nilidhani kitapungua baada ya kile chumba, lakini bado kipo. Siku hiyo mshika fimbo, yule anayeongoza msafara wa sherehe za chuo, akiingia na ninyi watatu mkimfuata, mimi nitakuwa naona wivu mpaka masikio yaungue.

Lakini mwache asimame. Usiniulize kwa nini. Sasa ninaijua ile sababu yako, ile usiyoweza kunieleza mwezi uliopita. Alinieleza yeye, kwa hiari yake, nami nimeahidi. Nitasema tu kwamba mimi ningefanya kama ulivyofanya, na ingenichukua muda mrefu zaidi kuliko wewe.

Ninaomba kitu kimoja badala ya nafasi. Katika ukumbi kuna safu ya mbele yenye viti vilivyowekewa majina, vya familia. Nyuma yako atakaa Mama, na Baba kama mgongo utaruhusu. Nyuma ya Wobbe watakaa wazazi wake. Nyuma ya Mechtild usiweke profesa, wala usiache tupu. Weka jina langu. Nitakaa pale kama ndugu wa mtu anavyokaa, na akigeuka ataona uso. Mwambie Mama ashone mikono mirefu, huko ukumbini wanasema kuna baridi.

Utatuona kutoka mbele. Labda atanigeukia aniambie kitu cha kunichekesha, nawe hutasikia. Kama utaona wivu, vumilia robo tatu ya saa, wajibu maprofesa wako vizuri, kisha uje utukumbatie sote wawili, ukianza na mimi.

Mdogo wako,
Jildou